Sekunde Ishirini na Tatu za Verlene Ledbetter

Verlene Ledbetter alikuwa mkaguzi wa soksi katika kiwanda cha mjini kwetu kwa miaka thelathini na minne, na katika muda wote huo soksi moja tu yenye tundu ilimpita. Aliijua. Ilikuwa ya kijivu, ya kiume, na alipoikumbuka akiwa nyumbani anapika alizima jiko, akarudi kiwandani kwa miguu kuitafuta kwenye maboksi. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu huyuhuyu ndiye ambaye wilaya nzima ilimjua kama mwanamke aliyesinzia wakati mumewe anashinda mbio.

Miaka ile wanawake hawakuruhusiwa kukanyaga sehemu ya mafundi katika uwanja wa Brushy Fork. Waliaminika kuleta mkosi, pamoja na karanga za maganda na rangi ya kijani. Lakini ilibidi mtu ahesabu mizunguko, na kukaa juani kwa saa mbili bila kuinua macho haikuonekana kuwa kazi ya kiume, kwa hiyo wake za madereva walipandishwa kwenye jukwaa la mbao mkabala na mstari wa kumalizia. Kila mke alikuwa na gari lake moja, yaani la mumewe, na kadi yake, na penseli mbili. Mbele yao ilisimama saa kubwa ya umeme. Gari likikata mstari, unaandika saa inasemaje. Likikata tena, unaandika tena. Mara mia mbili. Hakuna aliyetazama gari la mwenzake, maana ukiliangalia la jirani, lako limeshapita. Hayo yalikuwa mashindano ya kulipwa, yenye madereva ambao sura zao zilitoka magazetini, na mshindi alipatikana kwa kadi za kina mama kumi na wanane waliofunga vitambaa kichwani. Hakuna aliyeona kioja.

Mumewe, Coy, alikuwa dereva mzuri. Hilo simnyimi. Aliendesha gari jeupe namba 61, lenye sura ya yale ya dukani na injini ambayo dukani wasingekuuzia, na kwa miaka sita alikuwa amemaliza wa nne, wa sita, wa tatu, na mara moja ukutani. Hakuwa ameshinda hata mara moja. Jumapili moja ya Agosti 1966 alikuja Brushy Fork tajiri kutoka Charlotte, jiji la mbio kubwa, mwenye timu yake na viatu vyeupe, na kwenye foleni ya mikate ya soseji alimwambia Coy kwamba akishinda leo, kesho waonane. Watu wa foleni nzima walisikia. Kufikia saa nane mchana, wilaya ilikuwa imeshamhamishia Coy Charlotte.

Kwenye mzunguko wa mia na kumi na mbili magari saba yalirundikana kona ya tatu. Moshi na vumbi vikafunika upande mzima wa juu wa uwanja, watu wakasimama, wengine ili waone, wengine ili waseme waliona. Verlene hakusimama. Aliangalia mstari na saa. Gari namba 61 lilipotokea akaandika. Bendera ya manjano ya kupunguza mwendo ikapepea, magari mabovu yakaondolewa, mbio zikaendelea, na mwisho Coy akakata mstari mbele ya Odell Stamey kwa urefu wa gari moja. Alipewa bendera ya miraba, ya mshindi. Alipewa kombe, busu la binti wa muuza matrekta, na chupa ya soda ambayo alijimwagia kichwani.

Odell Stamey, fundi mabomba wa wilaya ya jirani, mtu aliyeomba radhi hata kwa gari alilolipita, alikwenda kwa msimamizi wa kadi akasema kwa upole kwamba hadhani alikuwa wa pili.

Msimamizi, Bwana Hoyt Pruitt, alifungua kadi ya namba 61. Ukiacha ile ya bendera ya manjano, mizunguko yote ilikuwa ya sekunde ishirini na tatu, au karibu na hapo. Mmoja tu, wa mia na kumi na mbili, ulikuwa wa arobaini na sita. Yaani ama gari lilikata mstari katikati hapo na mwandishi hakuliona, ama lilisimama mahali fulani kwa sekunde ishirini na tatu. Kama lilikata, Coy ameshinda. Kama lilisimama, yuko nyuma kwa mzunguko mzima, na kule mbele alikoonekana alikuwa mbele ya macho tu. Desturi ilikuwa kwamba pengo la mara mbili kamili ni usingizi wa penseli, na dereva hupewa mzunguko wake. Ilitakiwa tu mwandishi akiri.

Pruitt alimwita Verlene chini ya jukwaa. Nje Coy alikuwa bado anapigwa picha.

"Bi Verlene," alisema, "moshi ulikuwa mwingi. Mtu yeyote angepitiwa."

"Ndiyo, mtu yeyote."

"Kwa hiyo ulipitiwa."

"Mimi sikupitiwa, Bwana Pruitt. Hakupita."

Pruitt alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akamuuliza tena, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya akamuuliza mara ya tatu. Jibu lilikuwa lilelile. Coy naye aliitwa. Alisema alipita, na kwamba mwanamke kuangalia pembeni kidogo si kosa la jinai. Mwandishi aliyekana kupitiwa hakuweza kuandikiwa kwamba amepitiwa, kwa hiyo kombe likatolewa mikononi mwa Coy likapelekwa kwa Odell Stamey, ambaye alilipokea kama mtu anayeshikishwa mtoto wa mwenzake. Mtu wa viatu vyeupe alikuwa ameshaondoka. Baada ya msimu ule Coy aliendesha lori la chakula cha kuku kwa miaka thelathini na moja, na hakupata ajali hata moja. Kwake hilo lilikuwa tusi.

Hakumpiga mkewe wala hakumfokea. Alimsamehe, hadharani, mara kwa mara. Ikifika siku ya chakula cha pamoja kanisani, na mtu akiuliza mayai ya kuchemsha yaliyojazwa yamebaki mangapi, Coy alisema asiulizwe Verlene, na watu wakacheka hadi wakashika meza. Kiwandani walimwambia ahesabu jozi mara mbili. Watoto wao wawili walikua wakijua kwamba wangekuwa matajiri wa Charlotte kama si macho ya mama yao. Yeye hakubishana. Alishasema mara tatu kwa Bwana Pruitt, na hakuona ya nne ingeongeza nini.

Lakini alianza kujichunguza. Hakuna mtu anayepepesa macho kwa sekunde ishirini na tatu; ila mwanamke akiambiwa kwa miaka kumi kwamba alipepesa, huanza kuyatilia shaka macho yenyewe. Alikwenda kwa daktari wa macho, naye akasema hajaona macho makali kama hayo tangu aanze kazi. Hilo nalo halikumsaidia, kwa kuwa daktari hakuwepo siku ile. Jukwaani hakurudi tena. Baadaye magari yalifungwa vijisanduku vinavyojihesabu vyenyewe. Vile havina waume, na hakuna anayeviuliza mara tatu.

Mwaka 2008 uwanja ulinunuliwa na Dwight Huffstetler, muuza nyumba za kuvutwa na lori, kijana mwenye meno mengi aliyetaka viti vijae. Alitangaza Siku ya Haki. Coy atatambuliwa mbele ya umma kuwa mshindi wa kweli wa 1966. Odell atamkabidhi kombe. Verlene atashika kipaza sauti aseme samahani. Sentensi moja tu, Dwight alimwambia, na kama anaweza kuchekacheka kidogo itakuwa vizuri zaidi.

Verlene aliomba wiki moja ya kufikiri, kisha akakubali. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alisema huenda kweli alipitiwa, na kama alipitiwa, mzee anastahili kusikia kabla hajafa. Odell naye alikubali upesi kuliko alivyotarajiwa. Miaka yote ile, alisema, lile kombe alikuwa amelifunika kwa taulo. Aliamini alilipata kwa sababu ya usingizi wa mwanamke, na mkewe, Ruby, alikufa akiamini hivyohivyo.

Asubuhi ya siku hiyo Coy alisimamisha pikapu kwenye kituo cha mafuta akanunua mikate miwili ya soseji ya kukaanga. Alikuwa na furaha. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la mbio, ambalo halikufunga tena tumboni. Alipokuwa anatafuna ndipo alipomwambia, kwa sauti ya mtu anayekumbuka mvua ya zamani.

"Unajua, mama, siku ile gari lilinizimikia."

"Siku gani?"

"Siku yenyewe. Pale kona ya tatu, ndani ya moshi. Liligeuka likatazama nyuma, likazima. Nikapiga stata mara nne."

Verlene alikunja karatasi ya mkate wake kwanza.

"Kwa hiyo hukupita."

"Ningepitaje nimezima?"

"Na ulijua."

"Nilikuwa ndani yake, Verlene."

"Miaka arobaini na miwili, Coy."

"Wewe ungesema tu ulipitiwa, yakaisha palepale. Nilikuwa nimesimama pale nje nangoja useme. Mke yeyote angesema." Alijifuta haradali kidevuni. "Sasa si leo unasema? Basi. Sina kinyongo."

Akawasha pikapu. Iliwaka mara ya kwanza.

Walikuwepo watu elfu tatu hivi, idadi ambayo Brushy Fork haikuiona tangu watu wapate televisheni za rangi. Jukwaa la kadi lilishaoza likabomolewa, kwa hiyo walisimamishwa kwenye bodi la lori lililoegeshwa juu ya mstari wenyewe: Coy katikati, Odell kushoto na kombe ndani ya mfuko wa chakula cha mbwa, Verlene kulia. Dwight alisimulia kisa kwa madoido, akaweka mbwa ambaye hakuwepo, kisha akampa Verlene kipaza sauti.

Verlene alikishika kama alivyoshika kila kitu, wima.

"Sikupitiwa," alisema. "Gari lilimzimikia kona ya tatu, ndani ya moshi. Alipiga stata mara nne. Ameniambia mwenyewe leo asubuhi, anakula mkate wa soseji. Odell, kombe ni lako. Lilikuwa lako tangu mwanzo."

Kwa muda mfupi mtu angeweza kudhani wamesikia. Kisha kicheko kikaanzia viti vya juu kikashuka kama maji ya tanki lililopasuka. Watu walipiga mapaja. Kilichowachekesha ni ule mkate wa soseji. Dwight alicheka mpaka akalazimika kushika bega la Coy, akasema kwa kipaza sauti kingine kwamba miaka arobaini na miwili na bado bibi huyu hataki kushindwa, jamani mpigieni makofi. Coy alicheka pia. Alimbusu mkewe shavuni.

Odell hakucheka. Alimgeukia Coy. Waliokuwa karibu na lori walimsikia.

"Kweli, Coy?"

"Si unamjua Verlene, kaka," Coy alisema.

Odell alimtazama, akamtazama Verlene, na alipokuwa bado anafikiri Dwight alilitoa kombe kwenye mfuko kwa niaba yake akampa Coy. Picha ilitoka ukurasa wa kwanza. Odell anaonekana pembeni, ameshika mfuko wenye picha ya mbwa.

Kwenye maegesho Odell alikuja kwenye dirisha la pikapu, upande wa Verlene, akavua kofia.

"Umesema kona ya tatu."

"Ya tatu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeiona. "Basi Ruby alikufa bure na aibu ile," alisema, akavaa kofia, akaenda kutafuta gari lake.

Njiani Coy alisema kwamba angeweza kukasirika, lakini hakukasirika, kwa sababu watu walifurahi. Hata Dwight amesema waifanye kila mwaka. Anataka Verlene aseme vilevile, neno kwa neno, na asiusahau mkate wa soseji.

"Nitasema," Verlene alisema.

Na alisema. Neno kwa neno, kila Agosti, kwenye bodi la lori, bila kuchekacheka. Kila mwaka watu walianza kucheka mapema zaidi. Mwaka wa tatu walicheka kabla hajafika kona ya tatu, na stata hakuna aliyeisikia. Odell Stamey alikuja kila mara, akaketi safu ya mbele, kofia magotini, akamsikiliza hadi mwisho.

Mwaka wa nne kiti chake kilikuwa kitupu. Walicheka wote.