Kaka Hakuficha

Mchungaji alisema kaburini kwa kaka yangu kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Watu wakaitikia kwa vichwa, nami nikatazama viatu vyangu. Kaka hakuficha. Aliniambia mimi, na mimi nikamcheka.

Ilikuwa Gakoromone, siku ya soko, ameniletea kreti mbili za matunda damu, yale yenye maji mekundu, kutoka shambani kwake niuze. Kwetu mwanaume aliyetahiriwa hazungumzi habari za choo na dada yake. Kwa hiyo aliuliza akiwa amenipa mgongo, akijifanya anapanga matunda.

"Hivi haya, mtu akiyala sana, rangi yake inaweza kutokea chooni?"

Wacha nicheke! "Wewe unamaliza ndoo nzima peke yako, ulitaka itoke rangi gani? Kijani?"

Akacheka pia. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akaenda zake, na mwaka mzima kila alipouona ule wekundu alikuwa na jibu langu. Alipoanza kukonda tukasema ni kazi za shamba. Alipofikishwa hospitali, uvimbe ulikuwa karibu kuziba utumbo, na ini nalo lilikuwa limeshaingiliwa.

Baada ya mazishi daktari alituita tuliobaki, mimi na mdogo wetu wa kiume. Akasema saratani hii ya utumbo mpana ikimpata mmoja, ndugu zake wa tumbo moja wapimwe hata kama hawaumwi. Mdogo wangu alikataa palepale. Eti aingizwe kamera huko nyuma? Yeye si ng'ombe! "Na kama ningekuwa na damu, si ningeiona?"

Nilimwita mjinga mbele ya daktari. Halafu mimi mwenyewe nikakaa na kichupa cha kuwekea choo, alichonipa daktari nianze nacho kupimwa, miezi mitatu, nimekisukuma nyuma ya kopo la majani chai. Niliogopa, niseme nini tena. Kila asubuhi nikichota majani nilikiona.

Aliyenitoa hapo ni wifi yangu, mjane wa kaka. Alikuja sokoni na kreti moja, akasema miti ya marehemu inazaa mno mwaka huu. Akaketi, akajipepea kwa leso, kisha akasema taratibu, "Nilimsihi aende hospitali. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, wewe unayejua matunda ulimwambia ni rangi tu."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikitoa kichupa, nikakipeleka.

Wiki iliyofuata niliitwa. Muuguzi alikuwa msichana wa rika la binti yangu, akafunga mlango kabla ya kusema neno.

"Mama, kuna damu. Ni kidogo, haionekani kwa macho. Lazima sasa ufanyiwe kipimo cha kamera tujue inatoka wapi."

"Haiwezi kuwa ni matunda damu?" Nilijisikia nikiuliza, na nilikuwa nimemgeuzia mgongo.

"Umeyala?"

Kibandani kwangu yamejaa kila siku. Tangu tumzike kaka sijaonja hata moja.

"Sijayala," nikamwambia. Kisha nikamwomba kichupa kingine, nimpelekee mdogo wangu.