Reli Iliyozunguka Mgomba

Mume wangu alirudi kutoka kazini Jumamosi moja mchana akiwa na mashine ya kuimba, gramafoni, begani. Haikuwa na bomba, mkono wake ulivunjika, na ubavuni ilikuwa na tundu ambamo mende walikwishahamia. Hata hivyo nilifurahi. Nilikuwa kijana, napenda kucheza, na tangu kuolewa sikuwa nimecheza zaidi ya mara mbili. Nikatandika kitambaa juu ya meza ili aiweke vizuri.

"Hii haitaimba tena, mama," akaniambia. "Hii itatembea."

"Itatembea na miguu gani?"

Akaanza kunieleza, akisahau hata kunawa. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, ng'ambo hii ya kushoto ya mto, pale Kisangani panapoanzia njia ya gari la moshi kwenda Ubundu. Kutwa nzima alikuwa chini ya mashine kubwa zisizokuwa zake. Sasa alitaka yake. Ndani ya mashine ya kuimba kulikuwa na springi nzuri ya chuma, aliyoiita resori kama Wazungu. Angeitia katika gari dogo la mabati ya sadini, gari lingepita juu ya reli ndogo, na reli hiyo ingelala katika kiwanja chetu, nje, juani na mvuani, kama reli ya kweli.

"Bon," nikasema, "na mboga zangu?"

"Mboga iko upande. Reli iko katikati."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alizoea kusema kwamba sufuria yangu huchemka kabla ya kuni kushika. Lakini siku ile nilicheka tu. Nilimwonea huruma kwa mikono yake myeusi ya grisi na macho yake yaliyong'aa. Tena, kusema kweli, nilikuwa bado mgeni ndani ya nyumba ile. Kwetu ni Kasongo, mbali huko juu, na yeye ni mtu wa Barumbu, chini ya mto. Nilizungumza naye Kiswahili, naye akanijibu nusu Kiswahili nusu Lingala. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa na miezi michache tu. Chini ya kitanda lilikuwako sanduku langu la bati nililokuja nalo, na nguo zangu zote zilikaa humo zimekunjwa. Misumari ya kutundika nguo aliipigilia ukutani tangu siku ya kwanza. Mimi niliiacha hivyo hivyo.

Basi mipango ikaanza, na sijapata kuona mtu akipanga kitu kwa raha namna ile. Kila alasiri alirudi, akala, akavua viatu, akatoka nje na chaki ya karakana. Alichora kwenye ukuta wa jiko. Alichora kwenye kinu changu. Mlango wa jiko aliuita Kisangani, na ule uzio wa fito mwisho wa kiwanja akauita Ubundu. Reli zingekuwa mikanda ya chuma inayofunga masanduku ya mizigo, mikanda ambayo bandarini huvuliwa na kutupwa. Mataruma ya kulalia reli angeyapasua kutoka kwenye mianzi. Nilimuuliza kwa nini asinunue tu mpira, acheze na wanaume wenzake. Akaniambia mpira hauna mahali unapokwenda.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kigenya, mchuuzi wa samaki, ambaye mumewe na wanawe walitega mitego kwenye maporomoko. Alipita asubuhi na beseni lake kichwani, akamkuta mume wangu amelala kifudifudi chini, jicho moja amelifumba, anapima kama udongo uko sawa.

"Mobali na yo akomi mwana!" akanipigia kelele. Mume wako amekuwa mtoto! Tukacheka sote wawili mpaka samaki wakataka kumwagika. Mume wangu hakuinua kichwa.

Mambo yakaharibika siku alipopigilia vigingi.

Leo ukiona vigingi na kamba utasema mtu anajenga nyumba. Miaka ile, kwetu sisi, vigingi na kamba vilikuwa na maana moja: serikali inapima, na ikipima, utahama. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mume wangu alitoka na kofia yake ya kazi, akapigilia vigingi vya mti kutoka mlango wa jiko hadi kwenye uzio, akavuta kamba nyeupe, akasimama kando mikono kiunoni kuitazama. Mtu akapita barabarani, akaona kofia ya reli, akaona kamba. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nalo lilikuja mbio.

"Banapima! Reli inapita hapa! Banatufukuza!"

Mama wa samaki alikuwa wa kwanza kuingia, beseni halipo kichwani, kitambaa kimemlegea. Nyuma yake watu wa mtaa walijaa mlangoni. Mzee mmoja alikuwa amekwishakamata kuku wake wawili. Mume wangu alisimama katikati na nyundo yake, akawaambia ni gari la kuchezea, dogo, hata paka halimgongi. Hawakumwamini mpaka alipoleta kopo la sadini na kuliburuza chini, akilia "tuu, tuu" kama mashine. Mama wa samaki akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kufaidika walau kidogo na hofu aliyopata, "Donc, kama gare ya treni iko hapa, ni mimi nitauza samaki wa kwanza?"

Vicheko vikatembea barabara nzima. Mimi pia nilicheka, nikaenda kuona kamba inapita wapi. Ndipo kicheko kikanikatika. Kigingi cha katikati kilikuwa kimepigiliwa shinani pa mgomba wangu wa makemba, ndizi za kupika, pale pale kwenye udongo uliokuwa bado laini, na kando ya kigingi aliweka panga tayari.

Nilikichomoa kigingi nikakitupa jikoni. Kamba ikalegea kutoka Kisangani mpaka Ubundu.

"Mama, unafanya nini? Ile muti inakata njia. Kesho nitaupiga panga, makemba mengine tutapanda kule nyuma."

"Ukiukata ule mgomba, mi napanda gari yenu ya kweli. Mimi na mutoto. Mpaka Ubundu, na kule ntatafuta masua, meli ya mtoni, ya kwenda kwetu."

Watu walikuwa hawajaondoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mama wa samaki alichukua kinu changu, akakigeuza, akakikalia.

Mume wangu alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua, na kwa kweli hakujua. Mtoto alipozaliwa, mama yangu alisafiri kutoka Kasongo kuja kunikanda. Alipanda meli, akapanda gari la moshi, akafika na vumbi la makaa machoni. Kitovu cha mtoto kilipoanguka, alikichukua asubuhi mume wangu akiwa karakana, akakizika, na juu yake akapanda chipukizi la mgomba. Akaniambia: "Kwako ni pale mutoto wako amezikwa kitovu. Usinililie tena miye." Wiki hiyo akaondoka. Nilimsindikiza mpaka steshenini, na nilipogeuka kurudi, katika mji ule mzima hapakuwa na kitu kilichokuwa changu isipokuwa mtoto na ule mgomba.

Nilimwambia haya yote mbele za watu. Sikuwa nimepanga kuyasema. Mume wangu alijikuna kichwa chini ya kofia.

"Mi nilikuwa sijue," akasema. "Lakini resori haina nguvu ya kuzunguka, mama. Inajua kunyooka tu. Ikizunguka, gari inakufa njiani."

Hapo hasira zangu zikanipa akili, jambo ambalo huwa hazifanyi mara nyingi.

"Na reli yenu ile kubwa," nikamuuliza, "kwa nini iko?"

"Namna gani, kwa nini?"

"Ilijengwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya maporomoko. Masua haiwezi kupanda."

"Bazungu walikata maporomoko?"

Akaitazama ile kamba iliyolegea.

"Walizunguka," nikasema. "Na ni wewe kila siku unakula kwa kazi ya kule kuzunguka. Sasa mgomba moja ya mutoto wako inakushinda?"

Mama wa samaki akapiga makofi juu ya kinu. Alikuwa mtu wa maporomoko yale. Nadhani alijiona ametajwa. Mume wangu aliokota kamba yake taratibu, akaanza kuikunja kwenye kiwiko, na nikaona mdomo wake unapinda upande mmoja kama alivyofanya alipokuwa akizuia kucheka. Watu wakaondoka. Mzee akawaachia kuku wake.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila haya, ingawa mvua ilinyesha sana na mchele ulikuwa mbaya. Alifuta chaki yote akaanza upya. Kukunja chuma si kazi ya mchezo; alikigonga juu ya jiwe polepole, akikipinda kidogo kidogo, na mimi nilishika upande wa pili kwa kitambaa. Mtoto alilala juu ya mkeka karibu na kelele zote hizo. Mume wangu aliniuliza nataka reli ipite umbali gani na mgomba. Nikamwonyesha kwa mkono, akaweka kigingi pale nilipoonyesha. Nikaona ni mbali mno, akakisogeza. Nikaona ni karibu mno, akakirudisha. Alijenga pia gare, kituo cha karatasi ngumu, na mvua ikakila usiku huohuo. Akajenga kingine, nacho kikaliwa. "Gare inataka bati," alisema kila siku, lakini bati la kufaa hakulipata, kwa kuwa makopo ya sadini yote yalikwisha kwenye mashine na mabehewa.

Siku ya kuijaribu tulimwita mama wa samaki, akaja na jamaa zake, na kusema kweli alileta samaki wa kuuza. Mume wangu alivaa shati jeupe. Aliivuta resori mpaka mwisho, akaliweka gari mlangoni pa jiko, akaliachia.

Lilikwenda. Hata leo nikikumbuka najisikia kutabasamu. Lilikwenda likilia ndani kwa ndani, likapita mboga zangu, likaingia kwenye mzunguko, likainama kidogo, likanyooka. Halafu mwendo ukapungua, ukapungua zaidi, na kando ya mgomba likasimama. Uzio wa Ubundu ulikuwa bado uko kule.

"Niliwaambia," mume wangu akasema kwa sauti ndogo. "Inakufa njiani."

Alikuwa na huzuni ya kweli, na shati jeupe liliifanya ionekane zaidi. Nikamwonea huruma kama siku ile ya kwanza. Nikachuchumaa chini ya mgomba, nikaushika ule mpini mdogo wa resori, nikauzungusha kama nilivyomwona akifanya, nikaliachia gari. Likaenda Ubundu, likagonga uzio.

"Haijakufa," nikamwambia. "Imesimama gare."

Tangu siku hiyo reli yetu iliendeshwa na watu wawili. Yeye alikaa mlangoni kuvuta resori, mimi nilikaa chini ya mgomba kuivuta tena, jioni baada ya chakula, tukizungumza kwa sauti kubwa kutoka kituo hadi kituo. Mambo mengi ya nyumba ile tuliyaamua namna hiyo.

Sasa, mgomba si mti unaokaa. Anayejua makemba anajua: shina likishazaa hukatwa, na chipukizi hutokea kando yake, kisha lingine kando ya hilo, na baada ya muda mgomba umehama bila kumuaga mtu. Mume wangu alikuwa mtu wa chuma, hakuwa amelifikiria hilo. Mimi nilijua, na sikumwambia.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja nikifagia, nililiona chipukizi. Lilikuwa limechomoza katikati ya reli mbili, jembamba, limejikunja, limeinua taruma moja la mwanzi. Nilisimama na ufagio. Kazi yote ile ya kugonga chuma juu ya jiwe. Ningeweza kumwita. Nikaona nisimwite, nilitaka kujua atafanya nini nikiwa sipo, bila watu mlangoni na bila kelele zangu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda sokoni, nikakaa huko zaidi ya ilivyohitajika.

Niliporudi alikuwa ametoka kazini. Kofia bado ilikuwa kichwani. Reli ya mzunguko ilikuwa imeng'olewa yote, imelala kwenye majani, naye alikuwa amepiga magoti akipigilia vigingi upya, mbali zaidi, akiacha nafasi. Kulizunguka lile chipukizi alikuwa ameweka mawe madogo ili mtu asilikanyage.

"Iko inatembea, ile muti yako," akasema bila kugeuka. "Mi nitaifuata."

Niliingia ndani, nikavuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, nikatoa nguo moja moja na kuzitundika kwenye misumari yake, mpaka sanduku likawa tupu. Kisha nikalitoa nje, nikamwekea mbele ya magoti.

"Bati ya gare," nikamwambia.