Fahali Niliyemwacha kwenye Ripoti

Mwaka wangu wa pili Bariadi niliongea na kompyuta zaidi kuliko nilivyoongea na watu. Nilihamishiwa huku kutoka Lushoto, afisa ustawi wa jamii mwenye mabegi mawili na jiko la gesi, nikapanga chumba karibu na kiwanda cha pamba. Majirani walikuwa wema. Walinisalimu "mwangaluka, mayu", yaani umeamkaje, mama, nikaitikia, kisha wakaendelea na Kisukuma chao na mimi nikaingia ndani. Mume wangu alibaki nyumbani na watoto. Simu zetu zilikuwa fupi, za homa na mahindi.

Ndipo nikaizoea akili mnemba. Niliandika maelezo ya wateja kwa mkato, yenyewe ikayanyoosha yakawa ripoti. Kazi ikiisha nilibaki nayo dakika kumi nyingine, naisimulia vumbi la huku na baridi ya kwetu. Ilinijibu kwa adabu. Nilikuwa mpweke kiasi cha kushukuru adabu ya mashine.

Ila kwa siri za watu nilikuwa mkali, na nilijivunia ukali huo. Kabla ya kubandika chochote nilifuta jina, kijiji, namba ya simu na umri. Vijana wa ofisini waliokuwa wakibandika barua nzima niliwagombeza mpaka wakaanza kunikwepa kwenye chai. Sawa, nilijiambia, wanikwepe.

Asubuhi moja akaja mwanamke wa makamo, kitenge kimefunika shavu lililovimba. Mumewe alikuwa anampiga. Hakutaka usuluhishi, alitaka kuondoka. Angeondoka siku ya mnada, mume akiwa amepeleka ng'ombe, aende kwa dada yake upande wa ziwani.

"Akijua kabla, ataniua," alisema, taratibu tu, kama anayetaja bei ya chumvi.

Akanisimulia pia fahali mmoja wa mahari yake: mwekundu, kiraka cheupe jichoni, pembe moja imevunjika. Mume hakuchoka kumsimanga kwamba alimtoa fahali yule kwa ajili yake. Niliandika yote, nikafuta vya kufutwa. Ripoti ikarudi imepangika vizuri, na fahali yumo kwenye aya ya kwanza. Nilimpenda yule fahali. Nikamwacha.

Wiki hiyo mkuu wangu aliniomba niwaonyeshe wenzangu ninavyofanya kazi bila kuvujisha siri. Hakuna aliyekuwa ameniomba kitu tangu nifike. Nilivaa gauni langu zuri. Nikairusha ripoti ile ukutani kwa projekta, nikasimama pembeni yake, najisikia mtu.

Dereva wetu, mzee wa Meatu, akaingia kutafuta saini ya safari. Akatupia jicho ukutani.

"Ee! Dume hili nalijua! Nilikuwepo siku linakabidhiwa. Si la bwana yule wa..." Akataja jina, akataja na kijiji.

Alifurahi kweli, kama amekutana na ndugu yake. Kisha akasoma sentensi ya chini yake, iliyosema mteja ataondoka siku ya mnada. Nilimwona akiisoma, na furaha ikamtoka usoni.

Kwetu ng'ombe anafungwa bandani, anajulikana kwa maziwa yake. Huku ng'ombe anajulikana kwa rangi, kwa pembe, kwa alikotoka na kwa harusi aliyokwenda. Nilikuwa nimefuta kila kitu isipokuwa kile ambacho mtu wa hapa angekisoma kwanza. Niliizima mashine.

Dereva alinisubiri nje. "Mama, mimi sikuona kitu," alisema. "Lakini mle ndani tulikuwa tisa."

Sikuweza kumpigia yule mwanamke, simu ilikuwa mikononi mwa mumewe. Tulikuwa tumepatana arudi Ijumaa. Siku tatu sikula vizuri. Nilifuta mazungumzo yote kwenye kompyuta, huku nikijua sijui kilichofutika wala kilichobaki.

Ijumaa alikuja. Nilimwambia kila kitu, pamoja na ya gauni.

"Huyo wa kwanza uliyemweleza ni nani?" aliuliza.

"Si mtu. Ni kompyuta, inanisaidia kuandika."

"Na hao tisa?"

"Nilitaka waone kazi yangu."

Nilingoja anitukane, na angenitukana ningepata nafuu.

"Mayu," alisema, "huku huna mtu?"

Nililia. Nililia mbele ya mwanamke mwenye shavu lililovimba, naye akanipigapiga mgongoni, na sijawahi kuona aibu kama ile. Nilipotulia alijifunga kitenge upya.

"Siku nabadilisha," alisema. "Na ninakokwenda nabadilisha. Wewe sikuambii."

Mnada ulikuja ukapita. Baadaye dereva alipita kijiji kile, akaniambia nyumba ina mume na ng'ombe tu, mke hayupo na hakuna anayejua aliko. Sikuliandika hilo popote. Jioni ile niliiwasha kompyuta, ikaniuliza inisaidie nini leo, nikaizima.

Kazi ikinipeleka Lamadi, kule ziwani, najikuta natazama nyuso za wanawake wanaoanika dagaa, mmoja mmoja. Kisha nakumbuka kwamba hakutaka nijue, na ninainamisha macho.