Kanga Juu ya Kioo cha Kompyuta

Nakumbuka Jumapili moja mchana, nyumbani kwetu Misugusugu, babu yangu mzaa baba alivyoichukua kanga ya mama kwenye kamba ya nguo, akaikunja, akafunika nusu ya juu ya kioo cha kompyuta yangu huku ndege ikiwa angani. "Haya," akaniambia, "sasa nipeleke Kisarawe." Mpaka leo, mwanangu, nikiulizwa nilisomea wapi urubani, chuo nakitaja, lakini moyoni naanza na kanga ile.

Nakusimulia haya kwa sababu wiki iliyopita ulikuja hapa kwangu Visiga, ukanikuta napalilia mihogo, ukaniuliza swali lako. Kadi yako ya grafiksi, ile inayochora picha kwenye kioo, imezeeka. Simuleta mpya ya ndege, ile programu ya kuigiza urubani, inakwamakwama. Je, ununue kadi nyingine au uvumilie? Uliniuliza kama mtu anayetaka ndiyo au hapana aondoke nayo. Nilikupa maji ya kunywa nikakuambia nitakujibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, maana mimi ni kapteni mstaafu na hakuna wa kuniharakisha tena.

Wakati wa kanga ile nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nachapa barua za watu kwenye steshenari moja pale Maili Moja. Kompyuta yangu baba aliipata ofisini kwao walipokuwa wakiondoa vitu chakavu. Simuleta alininakilia kijana mmoja wa mjini kwenye sidii. Mashine ilikuwa nzito kama gunia la chumvi, na kadi yake ilikuwa imepitwa na wakati hata kabla haijafika kwetu. Ardhi iliichora kama uji uliomwagika. Miti hakuna, barabara hakuna, na ukikata kona picha inasimama, halafu inaruka mbele kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Hata hivyo nilirusha ndege kila siku nikitoka kazini, na mtaa mzima ulijua. Waliocheka niliwaacha wacheke, maana nilikijua nilichokitaka.

Kisha likaja tangazo. Chuo kimoja cha urubani cha Dar kilitaka kumfadhili kijana mmoja, mmoja tu, na waombaji wangepimwa kwenye simuleta ya chuo chenyewe. Karo ya pale baba yangu asingeiweza hata angeuza nyumba, kwa hiyo nafasi ile ndiyo iliyokuwa mlango wangu pekee. Nami nikajiaminisha kwamba kwa kadi ile kuukuu siwezi kuupita. Watoto wa mjini, nikajiambia, wanaona mpaka vivuli vya mawingu. Mimi naona uji. Basi nikaacha mazoezi. Sikuacha kwa uvivu, mwanangu, na hapo ndipo palipo na hatari yake. Niliacha kwa hesabu niliyoiona ya busara kabisa: nidunduize, nipate kadi mpya, ndipo nijinoe barabara. Siku za mtihani zinasogea, mimi nimekaa nasubiri kadi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Babu alikuwa amekuja kutoka Kisarawe kukaa nasi kidogo. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, Mzaramo wa kule kule, na unyenyekevu haukuwa miongoni mwa tabia zake. Kofia yake ya kazi aliivaa hata akienda dukani kununua kiberiti, na akisikia treni inapiga honi mbali huko Ruvu alikuwa anamkosoa dereva. Kwa utani wetu wa babu na mjukuu aliniita mke wake, na mama akinituma sana alimwuliza kwa nini anamchosha mke wa mwenzake. Nilimpenda babu yule. Nadhani majivuno yangu haya niliyarithi kwake, na sioni haya kuyakiri.

Jumapili hiyo nilimkuta amekaa karibu na kompyuta, ameikunja mikono.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona ndege yako siku hizi haingurumi? Tangu nije nasikia kimya tu."

Nikamweleza habari ya kadi, kwa kirefu, na kwa maneno ya kitaalamu ili asinibishie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Washa."

Nikawasha, nikapaa kutoka uwanja wa Dar. Alivuta kiti karibu, akatazama ule uji wa kijani na kahawia chini yetu.

"Kisarawe iko wapi?"

"Haionekani, babu. Kadi hii haichori vizuri."

"Sikukuuliza kama inaonekana. Nimekuuliza iko wapi."

Nikaipinda ndege kushoto, nikairudisha kulia. Mwanangu, nilizaliwa kwa watu wa Kisarawe, nimekula mihogo na korosho za Kisarawe, nimekwenda huko kila sikukuu, na sikujua kama iko kushoto kwa ndege yangu au kulia. Miezi yote ile nilikuwa natazama nje ya dirisha, nikilaumu dirisha. Ndipo aliponyanyuka akaenda kwenye kamba ya nguo.

Kanga ilipoziba picha, zilibaki geji tu chini ya kioo: mwendo, kimo, dira, na ile inayoonyesha kama mabawa yamelala sawa. Kufumba na kufumbua nikaiangusha ndege. Nikapaa tena, nikaiangusha tena. Babu hakucheka, na kwa mtu wa utani kama yeye hilo lilinitisha zaidi.

"Nilipokuwa najifunza reli," akaniambia, "mkubwa wangu alikuwa ananigeuza mgongo nisione nje, halafu ananiuliza tumefika wapi. Injini ikianza kuhema najua tunapanda Pugu. Tukigonga daraja la Ruvu najua kwa mlio wake. Siku niliyokosea alinirudisha kusukuma makaa, nikalia kama mtoto. Lakini ukungu wa alfajiri haukunibabaisha tena mpaka nastaafu. Wewe unatafuta dirisha zuri, mke wangu. Nani atakuuzia njia?"

Sikushawishika siku hiyo hiyo. Mimi ni mkaidi, waulize niliofanya nao kazi. Kesho yake nilikwenda kwa Fundi Mosha, aliyekuwa akitengeneza kompyuta karibu na steshenari yetu, nikitumaini atanipa maneno ya kumjibu babu. Fundi aliifungua mashine, akapuliza vumbi la kutosha kufinyangia chungu, akachungulia. Akasema kadi kubwa naweza kununua, lakini kifaa cha kugawa umeme cha mashine ile kisingeibeba, na hata kingeibeba, prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa ya polepole mno, kadi ingekaa inaisubiri. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ndani ya programu ile Kisarawe haikuwekwa kabisa, kwa hiyo hakuna kadi duniani ambayo ingeichora. Hapo nikacheka peke yangu. Alinionyesha tu jinsi ya kuzima vivuli na kupunguza mawingu, na ndege ikaacha kukwama.

Basi nikarudi kwenye kanga. Kila jioni babu alishika saa yake, mimi nimepachika atlasi ya shule ukutani na rula mkononi, tunapanga: kutoka uwanjani tushike dira huku, tukae juu yake muda huu, kwa mwendo huu tutakuwa juu ya Kisarawe, kisha tugeuke kaskazini tukaufuate mto Ruvu. Muda ukifika babu anasema, "Nimefika kwangu, nishushe," nami nageuka. Mwanzoni tukiondoa kanga tunajikuta juu ya bahari, naye ananiuliza kama nimeolewa Zanzibar bila yeye kujua. Lakini ikafika jioni moja tumezunguka kote, nikasema, "Babu, uwanja uko mbele yetu." Akaivuta kanga, na njia ya kutua ilikuwa imenyooka mbele ya pua ya ndege. Machozi yalinitoka. Babu aliirudisha kanga kambani kama hakuona kitu, lakini usiku huo baba aliniambia mzee amemsimulia habari ile mpaka chakula kikapoa.

Siku ya mtihani tulikuwa vijana wengi, na wengi wao walizungumza habari za kadi zao na vioo vyao vikubwa. Niliwasikiliza nikajiona nimetoka shamba kweli kweli. Ilipofika zamu yangu, ndege ilikuwa haijapanda sana mkufunzi akabonyeza kitufe, nje kukawa kweupe kote. Wingu. Alimfanyia kila mtu vile vile, na waliozoea kutazama nje walihangaika kulitafuta dirisha. Mimi nilitabasamu. Macho yangu yalishuka yenyewe kwenye geji, nikasikia kama saa ya babu inagonga pembeni. Mkufunzi aliniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu, "Dereva wa treni," naye akadhani namfanyia mzaha. Nafasi ile niliipata mimi.

Sikufichi furaha ya mambo yaliyofuata. Babu alizunguka na kofia yake soko zima la Kisarawe akitangaza kwamba mke wake anaendesha ndege. Mshahara wangu wa kwanza ulipotoka nilimnunulia koti, na kwa uliobaki nikajinunulia kompyuta mpya na kadi yake, nzuri ajabu, inayochora mpaka nyasi. Kipya kinyemi, nilifurahi wiki nzima. Babu alikuja kuitazama, akasema nyasi zimepaliliwa vizuri.

Miaka ilipopita nikawa kapteni wa ndege ndogo za abiria. Mara ya kwanza kupita juu ya kwao nikiwa na cheo hicho, nilikuwa naelekea Songea, na nilimwahidi babu nitachungulia paa lake. Basi siku hiyo mawingu yalitanda toka Dar, sikuona hata mnazi. Nilitazama dira, nikatazama saa, na wakati ulipotimia nikamwambia msaidizi wangu, "Hapa chini ni kwetu."

Niliporudi nilikwenda kumwona. Alikuwa amedhoofika, anakaa barazani na lile koti hata kwenye jua.

"Uliliona paa langu?"

"Sikuliona, babu. Kulikuwa na wingu. Lakini nilijua nimefika juu yako."

Akaivua kofia yake ya reli, akanivika. Alisema, "Umekuwa dereva." Alikuwa hajapata kumvika mtu mwingine kofia ile. Mwanangu, nimepokea vyeti na mabawa ya dhahabu kifuani, na hakuna kilichonifanya niwe na fahari kama kofia ile iliyokuwa inanuka mafuta ya injini.

Sasa nikujibu. Kabla hujanunua, uliza mashine yako ni nini hasa kinachoikwamisha. Mpelekee fundi anayeaminika aifungue, maana inawezekana prosesa ndiyo inayolegea, au umeme ndio usiotosha, na kadi inasingiziwa tu. Punguza vivuli, punguza mawingu, uone ndege itakavyokwenda. Ikiwa baada ya hayo yote kadi ndiyo kikwazo, na fedha ni zako na hazimnyimi mtu chakula, inunue kwa moyo mweupe, wala usinitaje mimi kama kizuizi. Sikumsikiliza babu ili nije kuwakataza watoto vitu vizuri. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Leo hii ukifika nyumbani, kabla hujaamua lolote, ruka na hicho hicho ulicho nacho. Kukwama kwa picha hakujawahi kumharibu rubani. Kilichokaribia kuniharibu mimi ni zile siku nilizokaa chini nikisubiri. Na kila mara chukua kanga ya mama yako, kwa ruhusa yake, ufunike juu, ujiulize uko wapi.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mikono mitulivu na mashine itakayokutosha. Akujalie wa kukaa pembeni yako na saa, kama alivyonijalia mimi. Na siku utakayopita juu ya Visiga kukiwa na wingu, usihuzunike kwamba hukuniona. Tazama dira, tazama saa, useme nimefika juu ya yule bibi. Kofia ya babu nimekutunzia.