Boriti ya Kwanza

Leo fundi amepasua gogo la mti wa mkangazi uani kwangu, na harufu yake imenikumbusha mabega ya baba.

Mjerumani aliyekuwa akijenga ghorofa mjini alimwamuru baba alete boriti ya mkangazi ya kubebea sakafu. Baba na mjomba waliishusha kutoka mlimani kwa siku mbili. Mjerumani akaipima.

"Ndefu. Leta nyingine."

"Si uikate tu, Bwana?" aliuliza mama, aliyekuwa amewafuata na chakula. Akafukuzwa.

Wakaleta ya pili.

"Fupi hii!"

Baba aliitua mlangoni, akaikalia. "Nipigeni. Mlima sipandi tena."

Alichapwa viboko, hakuinuka. Mwishowe fundi wa Mjerumani akaikata ile ndefu, ikaenea.

Nyumbani mama alimpangusa mgongo huku akifoka, "Si ungeikalia ile ya kwanza?"