Kitovu cha Warsan

Kila Alhamisi, nilipokata kamba ya furushi la vichezeo vya mitumba sokoni Garissa, Adeer Kulow alikuwa amekwisha kufika. Adeer ni baba mdogo; hatuna undugu, lakini umri wake unastahili. Ni muuza maji. Punda na mkokoteni aliviacha juani, akachuchumaa mbele ya turubai langu. Wanasesere hakuwagusa. Alitaka farasi.

Alikuwa nao kumi na mmoja, wamejipanga dirishani kwake Bulla Iftin, kila mmoja na chapa ya ukoo wake pajani, iliyotiwa kwa msumari wa moto. Siku moja kijana kutoka Nairobi alimwambia kwamba ng'ambo watu hukusanya farasi kama hao, na kwamba amewaharibu kwa kuwachoma.

"Na huko ng'ambo," Kulow akauliza, "mnyama asiye na chapa wanajuaje ni wa nani?"

Ngamia wake waliisha wote kwa ukame, kwao Lafey. Alikuja mjini na fimbo tu. Nilimuuliza kwa nini hakusanyi ngamia wa plastiki.

"Kila mmoja ningempa jina la aliyekufa," alisema. "Farasi sijawahi kumzika."

Farasi mpya alimkagua kama yuko mnadani. Alimbinya magoti, akamtazama meno, akampindua tumbo juu.

"Kwato za tajiri hizi, hazijui mwiba. Na huyu, shingo gani hii? Mama yake alikuwa jirani wa twiga."

"Adeer," Yakub muuza kufuli alimtania kutoka kibanda cha pili, "wewe unauza maji, na mifugo yako hainywi. Utakula nini?"

Kulow alicheka, lakini kitu kimoja hakukifanyia mzaha. Kundi lake halikuwa na mtoto. Miaka miwili alingoja mtoto wa farasi, jike, na kila Alhamisi alirudi kwa punda wake mikono mitupu.

Akatokea. Siku hiyo nilifungua mapema, naye chini kabisa ya furushi, wa kahawia, doa jeupe usoni, miguu mirefu kama haijazoea kusimama. Nikampindua. Jike. Nilipaswa kumweka juu ya turubai. Nikamtia mkobani.

Nitasema kwa nini. Nilipozaliwa, baba alifunga kitovu changu kwenye mkia wa mtamba wa ngamia, kama tunavyofanya, na mnyama huyo akawa wangu na uzao wake wote. Baba alipokufa walikuwa tisa. Kaka zangu wakawagawana. Wakauliza, nani aliona? Wazee waliokuwapo siku hiyo wakatazama viatu vyao. Baadaye mume wangu naye aliniacha vivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Tangu hapo nikiona kitu kizuri, huona kwanza mkono utakaoninyang'anya. Nikasema, huyu mmoja atakuwa wangu.

"Hayupo, abaayo?" Kulow aliniuliza. Huniita hivyo, dada.

"Hayupo."

Nikamjibu hivyo Alhamisi tatu.

Ya nne alikuja bila punda, amevaa shati safi.

"Binti yangu Faiza amejifungua. Msichana. Tumemwita Warsan." Akafungua kitambaa kidogo, akakifunga tena. "Kitovu kimeanguka jana. Punda hatumpi mtoto. Mbuzi nitamtafuta, Mungu akijalia. Lakini leo nifunge wapi?"

"Umfungie mtoto plastiki?" Yakub akacheka.

"Plastiki haifi kwa ukame."

Nikafungua mkoba. Nikamweka yule mdogo viganjani mwake. Kulow hakumpindua. Alimfuta usoni kwa kidole gumba, akaona makombo ya mkate wa mkobani mwangu.

"Amekaa kwako muda gani?"

"Wiki tatu." Nikangoja anitukane.

"Basi alikuwa bado ananyonya," alisema.

Akapasha msumari kwenye jiko la mama wa chai. Nilidhani atachoma mwenyewe. Akanipa mimi, upande uliofungwa kitambaa.

"Tia wewe. Mimi nitakufa kabla mtoto huyu hajaolewa. Atapata kaka, nao watauliza nani aliona."

Sikuwa nimemsimulia habari zangu. Labda soko zima lilizijua. Msumari ukateleza, chapa ikaenda upande kidogo, moshi wa plastiki ukanichoma macho, na nilifurahi kuwa na kisingizio. Kisha akafunga kitambaa cha kitovu mkiani, akanitazama, akingoja.

"Mimi Sadia binti Abdille nimeona," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi kwa wauza maziwa. "Wa kahawia, doa jeupe usoni, chapa imeenda upande. Ni wa Warsan. Na mbuzi atakayemfuata ni wa Warsan, na uzao wake wote."

Yakub alikuwa ameacha kucheka, kufuli mkononi.

"Na wewe pia umeona," nikamwambia.

Alitazama viatu vyake. Nikangoja. Akainua uso, akaniita shangazi, kwa heshima.

"Nimeona, eeddo."