Kurudi Kimwani Baada ya Wiki Mbili

Mkuu wetu mpya alianza kwa kutuondolea viti. Kila asubuhi, katika ofisi yetu ya Kashai, tulisimama mbele ya ubao uliojaa vikaratasi vya rangi. Kila mmoja alisema jana alifanya nini, leo anafanya nini, na nini kimemkwamisha. Mpango wa mwaka mzima tuliukata vipande vya wiki mbili mbili.

Mimi niliona ni mchezo. Nilikuwa afisa ugani wa shirika, na mwongozo wa kuzuia mnyauko wa migomba nilikuwa nauandika kwa miezi minane. Mkuu akataka ukurasa mmoja, ufike kwa wakulima ndani ya wiki mbili.

"Haujakamilika," nilimwambia.

"Peleka hivyo hivyo. Wao watakuambia umepungukiwa nini."

Nilipanda pikipiki kwenda Kimwani nikiwa na hasira. Mama mmoja mjane alinipokea kwenye kibanja chake, shamba la migomba lililozunguka nyumba. Nikamsomea: ukishakata mgomba mmoja, choma kisu motoni kuua vimelea kabla hujagusa mwingine.

"Kisu kikiwa motoni, mimi nafanya nini?" akauliza. "Wewe umeshajaribu?"

"Hapana, mama."

Akanipa kisu. Moshi uliniingia machoni, mpini ukaniunguza, na kila mara nilisimama kungoja. Kufikia mgomba wa saba, nikajikuta naukata bila kuchoma kisu. Aliniona. Hakucheka.

"Ndivyo tunavyofanya sote, mwanangu," alisema. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu cha pili. Kimoja motoni, kimoja mkononi. Tukamaliza mstari wote bila kusimama.

Kesho yake zamu yangu ikafika mbele ya ubao. Nilitaka kusema kazi inaendelea vizuri, kama nilivyosema miaka yote.

"Nilichoandika hakifanyiki," nikasema.

Nilingoja kuaibishwa. Mkuu akauliza tu nini kinafanyika, nikaeleza habari ya visu viwili. Mchana huo niliandika ukurasa upya.

Baada ya wiki mbili nikarudi Kimwani. Yule mama alishangaa kuniona.

"Karibu waitu, mwenzetu! Wataalamu wengi wamepita hapa. Aliyerudi ni wewe peke yako."

Alisema kwa furaha, lakini mimi ilinichoma. Nilikumbuka vijiji vyote nilivyofundisha mara moja, nikasainiwa fomu, nikaondoka. Siku zilizofuata sikuweza kutulia. Nikaomba Kagoma, kimojawapo cha vijiji hivyo, iwe kazi yangu ya wiki mbili zijazo.

Huko nilimkuta mzee niliyemfundisha miaka mitatu nyuma. Nusu ya kibanja chake sasa ilikuwa mihogo, mahali pa migomba iliyokufa.

"Tulichoma visu mpaka tukachoka," alisema. "Ungerudi mapema, tungekuuliza."

Nilivua koti, nikamwomba anionyeshe migomba iliyobaki.